Jibu: Sindano za mikononi na miguuni za nini?

Dada wa Wete, pole kwa kuuguliwa na mama. Umeuliza kama zile sindano ndogo za mikononi na miguuni zina maana kuwa atakuwa macho akitolewa uvimbe kwenye ugwe wa uti wa mgongo. Hapana, atalala fofofo, na ndiyo sababu ya sindano. Aliyelala huwezi kumwambia "hebu chezesha kidole", basi mashine humuulizia kupitia sindano hizo. Umeme mdogo hupigwa kwenye kifundo cha mguu, ukasomwa kichwani: hisia zinapanda? Umeme mwengine hupigwa kichwani, misuli ya mguu ikajibu: amri zinashuka? Njia hizi ni mbali mbali. Moja yaweza kuumia nyengine ikabaki nzima, ndiyo zote mbili hutazamwa. Ishara ikififia, daktari huacha kukata, hupandisha presha ya damu, akangoja irudi.

Mtu wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa, naye ana mtihani wake: gesi ya usingizi ikiwa nyingi hufifisha ishara, kwa hivyo hutegemea zaidi dawa ya mshipani kama propofoli. Mdomoni huwekwa kizuizi, maana umeme ule wa kichwani hubana meno na ulimi huumia.

Akipasuliwa Unguja au mkivuka Dar, ulizeni mapema mashine ipo, na nani ataisoma. Msione haya.