Maswali ya Wasomaji: Vijarida vya wasanii ndani ya tranka la bati

Swali: Kikundi chetu cha sanaa hapa Mwanjelwa, Mbeya, kina vijarida vya wasanii vipatavyo 200 pamoja na vipeperushi vya maonyesho, vyote ndani ya tranka la bati. Pini zimeota kutu na vingine vinanuka ukungu. Tuvianike juani? Na tukishaviskani, karatasi tunaweza kuzigawa?

Jibu: Msivianike juani; jua hula rangi na kuifanya karatasi ya gazeti ikatike kama jani kavu. Vitandazeni kivulini penye upepo. Ukungu ukishakauka ukawa vumbi, ufagieni nje kwa brashi laini, barakoa puani. Ukiufagia ungali mbichi unaupaka tu.

Tatizo kubwa ni tranka lenyewe. Usiku wa Juni na Julai bati hupoa haraka, na unyevu uliofungiwa ndani hugeuka matone chini ya kifuniko. Hamieni kwenye maboksi safi ya kadibodi, juu ya rafu iliyoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni (mchwa hao) na kuachana na ukuta. Mchele wa kunyonya unyevu acheni, unaita wadudu.

Pini msizivute kwa king'oleo, kinachana mkunjo. Nyoosheni miguu yake kwa kisu butu chembamba, zichomoeni, kisha shoneni kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale. Selotepu iliyogeuka njano iacheni ilipo.

Tazameni pia kila kijarida kilichapwa kwa wino gani. Wino wa unga wa fotokopi hunata kwenye plastiki laini ya PVC. Tumieni mifuko ya polipropilini au karatasi nyeupe. Wino wa risografu (mashine ya kurudufu nakala nyingi) haukauki sawasawa, hivyo kila nakala itenganishwe na nyenzake kwa karatasi tupu.

Skanini kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, faili za TIFF (aina ya faili ya picha isiyopunguza ubora). Ukurasa wa A4 unafika MB 46 hivi, kwa hiyo kijarida cha kurasa 24 kinapita GB 1. Pigeni hesabu ya diski kabla ya kuanza. Wekeni nakala 3: mbili kwenye diski tofauti, ya tatu mbali na hapo, hata Iringa kwa mwenzenu. Flashi ni ya kubebea tu.

Karatasi msizigawe, isipokuwa nakala za ziada. Skani haioneshi unene wa karatasi wala namna ilivyokunjwa, na kwa msanii aliyekunja mwenyewe hiyo ni nusu ya kazi.

Kinachowahi kupotea, hata hivyo, ni maelezo. Vijarida hivi aghalabu havina ISBN (namba ya kutambulisha kitabu), na vingi havina hata mwaka. Wapigieni simu waliovitengeneza wakingali wanapatikana: nani alichora, lini, zilitoka nakala ngapi, kwa mashine gani, ziliuzwa wapi. Andikeni kwa penseli ya 2B juu ya bahasha, si juu ya kijarida. Mtu akisitasita, andikeni “karibu 2011”. Mwaka wa kubahatisha ukishaandikwa kama wa hakika, hakuna atakayeuhoji tena. Na kwenye simu hiyohiyo ombeni ruhusa ya kukiweka mtandaoni, kisha aithibitishe kwa maandishi: kumiliki nakala hakuwapi hakimiliki.