Panga vitufe vya kamera yako kabla ndafu haijaingia ukumbini

Kamera ikitoka kwenye boksi imepangwa kumridhisha kila mnunuzi: anayepiga picha za chakula, anayerekodi watoto wakicheza, aliye likizo. Haikupangwa kwa ajili ya mpiga picha wa Moshi ambaye Jumamosi yuko kwenye harusi na Jumatatu anaingia Tarangire na wageni. Kazi hizo mbili zinataka mipangilio tofauti kabisa, lakini zote zina sharti moja: tukio halikusubiri. Matarumbeta yakianza, bibi harusi anashuka garini. Chui akishuka mtini, anashuka mara moja tu. Ukiwa ndani ya menyu wakati huo, picha imekwenda.

Kamera zisizo na kioo (mirrorless) zimetupa uhuru ambao wengi hawautumii, maana karibu kila kitufe kinaweza kuvuliwa kazi yake na kupewa nyingine. Kipimo cha kuamua ni muda. Jambo unalolibadilisha jicho likiwa kwenye vyufainda (kidirisha cha kutazamia) liwe kwenye kitufe au gurudumu ambalo kidole kinalifikia bila kupapasa. Unalolibadilisha kati ya tukio na tukio, kama ibada imeisha na sasa mnaelekea kupiga picha bustanini, liwe kwenye menyu ya haraka. Unaloligusa mara moja kwa siku, kama kufomati kadi, liende kwenye ukurasa wa menyu yako binafsi. Mengine yote yaache yalipo.

Usikisie lipi liende wapi. Kwenye kazi mbili tatu zijazo, kila unapolazimika kutoa jicho kwenye vyufainda ili kutafuta kitu, kiandike kwenye simu. Vitakavyojirudia ndivyo vinavyostahili vitufe. Na kabla hujagusa chochote, sasisha programu endeshi ya kamera betri ikiwa imejaa, kwa kuwa baadhi ya masasisho hurudisha mipangilio ya kiwandani na kukufutia kazi yote.

Ondoa fokasi kwenye kitufe cha shata

Hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko mengine yote. Kwa mpangilio wa kiwandani kitufe cha shata kina kazi mbili: ukikibonyeza nusu kinafokasi, ukikimalizia kinapiga. Zitenganishe. Fokasi ihamie kwenye kitufe cha AF-ON, pale kidole gumba kinapolala, na shata ibaki na kazi ya kupiga tu. Kwenye Sony zima "AF w/ Shutter". Kwenye Nikon ingia "AF activation" uchague AF-ON pekee. Kwenye Fujifilm zima "Shutter AF". Kwenye Canon ingia sehemu ya kupanga vitufe, kisha mbonyezo wa nusu wa shata uupe kazi ya kupima mwanga tu. Kamera ndogo isiyo na AF-ON, tumia kitufe cha AEL (cha kufunga kipimo cha mwanga).

Sasa iache kamera kwenye fokasi endelevu (AF-C, au Servo kwa Canon) siku zote. Maharusi wakiingia wakicheza, shikilia gumba na fokasi inawafuata. Simba akiwa amelala nyuma ya majani na fokasi inang'ang'ania majani, mara fokasi ikikaa sawa juu yake, achia gumba, kisha piga kadiri upendavyo. Fokasi haitaondoka pale mpaka ubonyeze gumba tena; wewe au simba mkisogea, fokasi upya.

Kuna matatizo mawili ya kujiandaa nayo. La kwanza, ukimpa mtu kamera akupigie picha moja, atabonyeza shata peke yake na picha zote zitatoka na ukungu, kwa sababu kamera iliyopangwa hivi mara nyingi inakubali kupiga hata kama haijafokasi. Msaidizi wako afundishwe kabla ya kazi. La pili, gumba moja haliwezi kubonyeza AF-ON na kusogeza kijiti cha kuchagua eneo la fokasi kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kutumia fokasi ya kufuatilia, ili ukishamshika mtu, kamera yenyewe ikimbize eneo la fokasi. Mtu anayepiga picha za pasipoti na za studio tu hana haja ya haya. Kwake mpangilio wa kiwandani unatosha.

Kitufe kilicho jirani na AF-ON kipe fokasi ya aina ya pili: eneo dogo la katikati, bila kutambua macho. Utambuzi wa macho ni mzuri mno, lakini hujui daima utamchagua nani. Meza kuu ina watu sita, mbele yake amepita mpiga video, na kamera inaona jicho la mpiga video. Wakati wa kuvishana pete unachotaka ni kidole na pete, huku kamera inakazana na uso wa bibi harusi. Porini matawi yanafanya fujo hiyohiyo. Ukiwa na vitufe viwili huhitaji kuzima wala kuwasha chochote, unahamisha tu gumba.

Angalia pia kamera yako inatambua nini. Sony a7 IV, kwa mfano, inataka uchague kati ya binadamu, wanyama na ndege. Ukitoka harusini ukaenda Maziwa ya Momella kupiga heroe ikiwa bado kwenye binadamu, usiilaumu lenzi. Weka kazi ya kubadilisha kitambuliwa kwenye kitufe kimojawapo cha C (vya kupangiwa kazi upendayo).

Mwanga uendeshwe na vidole

Tumia modi ya M (spidi na tundu unapanga mwenyewe) pamoja na ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, ya kujipanga yenyewe. Gurudumu moja libebe spidi ya shata, la pili tundu la lenzi, na la tatu libebe fidia ya mwanga (kuongeza au kupunguza kile kamera ilichopima). Kama gurudumu la tatu halipo, lenzi za Canon RF na nyingi za Nikon Z zina pete inayoweza kupewa kazi hiyo. Pete hiyo ina hatari yake, mkono ulioshika lenzi huizungusha bila kujua. Canon wana chaguo la kuifanya ifanye kazi pale tu shata imebonyezwa nusu, na ni vizuri kulitumia.

Fidia inahitajika sana huku kwetu. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na uso wa bibi harusi unazama kwenye giza: ongeza 0.7 hadi 1. Mbega wa msitu wa Ngurdoto ni mweusi mwenye manyoya meupe mabegani na mkiani, na msitu wenyewe ni wa kivuli, kwa hiyo kamera inapandisha mwanga na weupe ule unaungua: punguza 0.7 hadi 1. Ukisubiri ugundue hilo nyumbani kwenye kompyuta, umechelewa. Kama kamera yako inaonyesha milia ya tahadhari (mistari juu ya sehemu zenye mwanga mwingi) wakati wa kupiga picha, kama Sony nyingi, iweke kwenye 100 na zaidi, kisha shusha mpaka milia itoweke kwenye gauni.

Kikomo cha juu cha ISO kiwe 12800 kwa kamera ya fremu nzima (yenye kihisi kikubwa) na 6400 kwa zenye kihisi kidogo. Chenga zinapunguzika kwenye kompyuta, lakini picha iliyotikisika haina dawa. Spidi za kuanzia: hotuba 1/125, kuingia ukumbini kwa kucheza 1/250 au 1/320, mnyama anayetembea 1/500, ndege anayeruka 1/2000.

Kitufe cha flashi ambacho wengi hawana

Hapa ndipo watu wengi hukwama wanapotoka kwenye kamera za zamani zenye kioo. Kamera hizi huonyesha kwenye vyufainda picha jinsi itakavyotoka kwa mipangilio uliyoweka, lakini hazijui flashi yako itatoa mwanga kiasi gani. Ukiweka 1/200, f/8 na ISO 100 ndani ya ukumbi, vyufainda inakuwa nyeusi, huoni sura ya mtu, na fokasi yako ni ya kubahatisha. Zima onyesho hilo, na kamera itakuonyesha mwanga wa kawaida. Sony huliita "Setting Effect", Canon "Expo. simulation", na Fujifilm wanalo chini ya "Preview Exp./WB in Manual Mode". Likae kwenye kitufe, si kwenye menyu, kwa sababu kwenye sherehe moja utaliwasha na kulizima mara nyingi: flashi ndani, mwanga wa asili nje kwenye msafara, flashi tena wakati wa kukata keki.

Flashi ikigoma kabisa kuwaka, angalia kwanza kama uko kwenye shata ya kimya. Kamera nyingi haziwashi flashi kwa shata ya kielektroniki. Ulikuwa kanisani, ukaizima sauti, ukasahau. Kwa hiyo shata ya kimya nayo ipewe kitufe, au nafasi ya wazi kwenye menyu ya haraka.

Shata hiyohiyo ya kimya ndiyo inayoleta mistari ya giza kwenye picha za ukumbini. Umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/100 au 1/50 kila picha inapata mpepeso kamili na mwanga unalingana. Ukipiga kwa 1/400, picha moja inang'aa na inayofuata imefifia. Taa za LED za jukwaani zina mpepeso wao wenyewe, mara nyingi wa kasi zaidi. Kwa hizo rudi kwenye shata ya kawaida; kinga ya mpepeso, kama ipo, iwashe kwa zile taa za mara 100. Kwa video weka PAL (mfumo wa nchi za umeme wa 50Hz; NTSC ni wa 60Hz), fremu 25 au 50 kwa sekunde, shata 1/50 au 1/100. Kamera iliyonunuliwa Marekani mara nyingi huja ikiwa NTSC, na video zake huonyesha mawimbi kwenye taa zetu.

Kupunguza fremu badala ya kubadilisha lenzi

Kwa wanaoongoza wageni: Ngorongoro huruhusiwi kuacha barabara, na kipindi cha kiangazi vumbi la Tarangire linaingia kila mahali. Kufungua kamera ubadilishe lenzi ndani ya gari lenye paa lililoinuliwa ni kukaribisha vumbi kwenye kihisi. Kama kamera yako ni ya fremu nzima, kipe kitufe kimoja kazi ya kupunguza fremu, yaani kutumia sehemu ya katikati ya kihisi tu. Lenzi ya 400mm inaona kama ya 600mm, au 640mm kwa Canon. Kamera ya megapikseli 24 inabaki na kama 10, na hizo zinatosha kwa chapa ya A4. Ukipiga RAW (faili ghafi) ungeweza kukata baadaye, ni kweli, lakini mnyama akiwa mkubwa kwenye vyufainda fokasi unaiona vizuri, na kadi haijai haraka.

Modi za kuhifadhi

Hizi ni nafasi za gurudumu la modi zinazotunza mipangilio yako yote pamoja: C1, C2 na C3 za Canon, U1 hadi U3 za Nikon nyingi, namba 1 hadi 3 za Sony. Namba moja: ukumbi, 1/200, flashi, onyesho limezimwa, picha moja moja. Namba mbili: wanyama, 1/1600, mfululizo wa kasi, kitambuliwa ni mnyama. Namba tatu: Kilimanjaro asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, ISO 100, f/8, mguu wa kamera, kuchelewesha shata sekunde 2. Elewa kwamba mabadiliko unayofanya ndani ya modi hizi kwa kawaida hufutika ukizungusha gurudumu au ukizima kamera. Canon wana chaguo la modi kujisasisha; liache limezimwa, la sivyo baada ya sherehe mbili modi yako haitakuwa ile uliyoipanga.

Wanaopanda mlima wana neno lao la ziada. Usiku wa kuelekea Uhuru, mita 5,895, mikono iko ndani ya glavu nene na skrini ya kugusa haiwasikii. Kila kitu cha lazima kiwe kwenye kitufe chenye umbo linalohisika, na skrini ya kugusa izimwe kabisa ili pua na koti visihamishe fokasi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Zima pia picha kujionyesha yenyewe baada ya kupiga, maana inaziba vyufainda wakati tukio linaendelea. Zima mlio wa fokasi. Na kama skrini inazimika hovyo, angalia mkanda wa kamera: ukining'inia mbele ya kihisi kilicho karibu na vyufainda, kamera inadhani ni jicho lako.

Ukiwa na miili miwili, vitufe vya mahali pamoja vipewe kazi zilezile hata kama ni matoleo tofauti. Kama mmoja una vitufe vichache, punguza na kwenye mwingine, kwa sababu kidole hakikumbuki kimeshika kamera ipi. Menyu ya haraka nayo ipunguze: Sony na Nikon hukupa nafasi 12, Fujifilm 16, lakini nane zilizopangwa kwa mantiki zinasomeka haraka kuliko kumi na mbili za kubahatisha. Kisha kaa gizani dakika kumi jioni, kamera jichoni, ubadilishe kila kitu bila kuangalia vidole. Utakapokosea mara mbili mahali palepale, hamisha kazi hiyo kwenye kitufe kingine.

Ukishamaliza, tumia sehemu ya kuhifadhi mipangilio. Nikon na Sony za karibuni huandika faili kwenye kadi, na kadi hiyo ndiyo utakayoifomati asubuhi ya kazi. Hamishia faili kwenye kompyuta usiku huohuo.