Kisukari cha ukoo, na mimi kinanisubiri?

SWALI: Shikamoo dokta, niko Area C hapa Dodoma, nina miaka 34. Baba ana kisukari, shangazi kakatwa mguu, sasa mimi ndo nasubiri zamu? Mbona babu kule Kongwa hakuwahi kuugua?

JIBU: Marahaba. Zamu hakuna bwana. Selimundu ndo inatokana na jeni moja (jeni, yaani chembe ya urithi mwilini, sio jini!) unayorithi kwa baba na mama, ila kisukari cha ukubwani jeni zinazochangia ni nyingi na kila moja inasukuma kidogo tu, mengine ni maisha. Watu wa kabila la Pima wengine wako Arizona kule Marekani na wengine Meksiko, damu moja, lakini utafiti wa 2006 ulikuta wa Arizona wana kisukari zaidi ya mara 5 kuliko wenzao wa Meksiko wanaolima kwa mkono. Babu yako huenda alikuwa na jeni hizohizo, ila kutwa yuko nyuma ya ng'ombe, jioni ugali wa mtama na mlenda, wewe bodaboda mpaka dukani halafu chipsi mayai na soda saa nne usiku! Kapime sukari asubuhi kabla hujala, ikisoma 7.0 (mmol/L) kwenda juu rudia siku nyingine.