Kitufe Kinapogoma: Ushauri kwa Wapigapicha Wapya wa Pwani

Mpigapicha anayeanza kazi Zanzibar, Mombasa au Dar es Salaam atakutana mapema na gurudumu la kamera lisilozunguka, kitufe kisichorudi juu kikishabonyezwa, au pete ya zoom inayokwaruza. Nawasihi msiongeze nguvu ya mkono, kwa kuwa ndani ya sehemu hizo mna meno madogo ya plastiki na vibati vyembamba vya umeme, ambavyo vikivunjika fundi hulazimika kubadilisha kipande kizima.

Kwanza hakikisheni kwamba sehemu hiyo haikufungwa kwa makusudi. Gurudumu la modi, yaani la kuchagua namna ya kupiga picha, la Canon EOS 60D, kamera iliyotoka mwaka 2010, halizunguki mpaka kitufe kilicho katikati yake kibonyezwe. Kamera nyingine za Canon zina swichi ya LOCK mgongoni, ambayo ikiwashwa gurudumu la nyuma huzunguka kama kawaida lakini namba za mipangilio hazibadiliki. Anayeteseka zaidi na mambo haya ni mnunuzi wa kamera ya mtumba iliyokuja bila kitabu cha maelekezo.

Ikiwa hakuna kufuli, mshukiwa mkuu kwetu ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba matone madogo mno, na maji yakikauka chumvi hubaki katika mwanya wa kitufe, ikavuta unyevu wa hewa, ikashika vumbi, na hatimaye ikaanza kula viunganishi vya umeme. Gurudumu ambalo viunganishi vyake vimechafuka au kuliwa huweza kuzunguka vizuri kabisa, ila namba huruka au kurudi nyuma. Mchanga hujulikana kwa mkwaruzo wake. Kunata mara nyingi hutokana na jasho na losheni ya jua. Dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET ni hatari ya pekee, kwa sababu hulainisha plastiki na baadhi ya mipira, kwa hiyo naweni mikono kabla ya kushika kamera.

Wakati wa kusafisha, zimeni kamera na kutoa betri, lakini acheni lenzi mahali pake ili vumbi lisifike kwenye sensa. Geuzeni kamera kitufe kitazame chini, mpitishe brashi laini iliyo kavu, kisha mpulize kwa pampu ya mpira ya mkononi wala si kwa mdomo, kwani mdomo hutoa mate. Chumvi haiyeyuki vizuri katika alkoholi, kwa hiyo itangulizieni kitambaa kilicholoweshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa sana. Baada ya hapo tumieni kijiti cha pamba chenye alkoholi kidogo ya isopropili ya asilimia 99, mkikiweka mbali na skrini, huku mkizungusha gurudumu taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, na msirudishe betri kabla halijakauka kabisa.

Mafuta ya cherehani na WD-40, dawa ya kupuliza ya kulegeza vyuma, msiyaguse kamwe. Hulegeza kitufe kwa siku chache, kisha husambaa ndani. Yakifika kwenye majani ya kipenyo cha lenzi, yaani vibati vinavyopunguza mwanga unaoingia, majani hayo hunata, hayafungi kwa wakati, na picha hutoka na mwanga kupita kiasi. Mchanga ukiingia ndani ya pete ya zoom, acheni kuizungusha na mpeleke lenzi kwa fundi. Wala msifungue kamera yenye flashi, kwa sababu kapasita ya flashi, yaani kifaa kinachohifadhi umeme wake, huweza kubaki na chaji ya volti 300 hivi hata betri ikiwa imetolewa.

Harusi haisubiri fundi, nami naona hili hufundishwa kidogo mno. Kitufe cha kupigia picha kikikataa, rimoti ya waya au programu ya simu huweza kufyatua badala yake. Kikikataa kufokasi tu, kamera nyingi huruhusu kazi hiyo kuhamishiwa kitufe cha AF-ON, kitufe cha kufokasi kilicho mgongoni, kwa kupitia menyu, na uzoeeni mpangilio huo nyumbani kabla ya kuuhitaji ukumbini.