Re: Siku za likizo kwa mama zinayeyuka, nifanyeje?

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje ili siku kumi za likizo kwa mama Ujiji zisipite kama upepo. Kuzizuia huwezi. Mimi nilijaribu kwa picha: baba kavaa koti, kanuna kama anapigwa picha ya kitambulisho. Ninazo tele, na hakuna hata moja inayofanana naye.

Ninachosikiliza mpaka leo ni sauti ya dakika nne. Niliacha simu inarekodi mezani, baba anachambua miiba ya samaki, mgebuka uliopikwa kwa mawese, huku ananieleza kwa nini mbalamwezi ikiwaka dagaa wanaadimika mwaloni Kibirizi. Katikati anakohoa, jogoo anawika, kisha ananiambia nimekonda. (Nilikuwa nimenenepa.)

Mrekodi hivyo hivyo, akiwa na kazi mkononi. Ukimwambia "mama, sema kitu," atakupa hotuba ya harusi. Nakala iweke kwingine siku hiyo hiyo; zangu mbili zilifutwa na fundi wa simu aliyeniahidi "haipotei kitu, bro."

Halafu muulize bibi yake aliitwa nani. Mimi sikuwahi kuuliza.