Watu 212 waliandika "pole", waliofika msibani ni wanne

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Morogoro. Mwezi wa tatu nilifiwa na baba. Niliweka picha yake stetasi na kuandika kwenye magrupu yangu matatu. Nimehesabu, watu 212 walinipa pole. Kati yao waliofika msibani ni wanne, na mmoja ni dada wa saluni ambaye hata jina lake la pili silijui. Rafiki yangu wa chuo, tunayechati kila siku, alituma emoji ya mikono akanyamaza. Mwingine wa Dodoma, tuliyejuana grupu la wafuga kuku na hatujawahi kuonana, wiki ya pili ya msiba akaniomba nimkopeshe 150,000 kwa ujumbe. Nataka nijitoe magrupu yote na kufuta namba zote. Nitajuaje nani rafiki na nani tunajuana tu?*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumzika mzazi. Namba usifute kwanza.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema ulimpigia mtu simu, sikupaona. Ulitangaza. Kwenye grupu la watu mia na zaidi, kila mmoja anaona wenzake wameshajibu, naye anaandika "Mungu awatie nguvu" kama aliyemtangulia, kisha moyo wake unatulia kwamba ametimiza wajibu. Wengi wa hao 212 hawakukutupa. Ni watu mnaojuana, na wamefanya kile ambacho watu wanaojuana hufanya. Rafiki yako wa chuo ndiye aliyepaswa kupiga bila kuombwa, na hilo silifichi.

Kinachotuchanganya siku hizi ni stetasi. Kwa saa 24 unaona mtu kapika nini, mtoto kavaa sare mpya, gari limemzimikia Chalinze. Ukitazama hivyo mwaka mzima unajiona unamjua ndani nje. Lakini hajakuambia wewe, amewaonyesha wote wenye namba yake. Rafiki anakuambia lile asiloliweka stetasi: mshahara haujaingia mwezi wa pili, ndoa inayumba, majibu ya hospitali yamemtisha. Na wewe unamwambia lako.

Kwa hiyo chukua daftari na ufungue orodha ya simu zilizopigwa, achana na meseji. Rudi nyuma miezi mitatu. Kwa kila jina andika nani alianza kupiga, anajua nini juu yako ambacho hukukitangaza, na lini mlikaa pamoja mara ya mwisho. Simu zenye shida ndani yake, "nitumie namba ya fundi" au "mchango wako bado", usizihesabu. Utabaki na majina machache sana, na usiogope. Mwaka 2016 Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, alichapisha matokeo kuhusu watumiaji wa Facebook wa huko: kwa wastani walikuwa na marafiki zaidi ya 150 mtandaoni, lakini waliosema wangeweza kuwakimbilia wakipata shida kubwa ni kama wanne tu.

Dada wa saluni ameonyesha utu mkubwa, ila bado si rafiki, maana urafiki unakula muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria mwaka 2018 kwamba watu wanahitaji kama saa 50 pamoja ili watoke kwenye kujuana tu, na zaidi ya saa 200 ili wawe wandani. Ukikaa naye saa mbili kwa wiki, hizo 200 ni karibu miaka miwili. "Mambo? Poa" ya nusu dakika kila siku inakupa saa tatu tu kwa mwaka mzima! Nenda kwake wiki hii umshukuru kwa mdomo, si kwa stika. Muulize habari za kwao, ujue jina lake la pili, na siku akiwa na shughuli ufike mapema, wakati wa kumenya vitunguu.

Rafiki wa chuo mpigie jioni akiwa ametulia. Usimwandikie, kwa sababu maandishi ya uchungu hupigwa picha na kusambaa, na sauti yako haimo ndani yake. Sema: "Nilikutegemea msibani, sikukuona wala kusikia sauti yako. Kulikuwa na nini?" Kisha nyamaza umsikilize. Huenda hakuwa na nauli akaona aibu kusema, hilo hutokea sana. Akija kukuona, mmerudi. Akiomba radhi halafu akaendelea na emoji, mwache kwenye salamu na michango, siri zako usizipeleke tena huko. Huna haja ya kugombana naye wala kumtangaza.

Wa Dodoma mpigie kabla ya lolote, kwa namba unayoijua. Akaunti za WhatsApp huibwa kwa kumlaghai mwenyewe ataje ile namba ya tarakimu sita anayotumiwa kwa SMS kuthibitisha akaunti, kisha mwizi anaomba hela kwa jina lake. Akikwepa simu, usitume. Hata akiwa yeye kweli, mimi ningekataa kwa adabu: 150,000 ni kubwa kwa mtu usiyejua hata nyumba yake.

Magrupu yazimie sauti tu, usijitoe. Mark Granovetter, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 1973 kwamba Wamarekani wengi waliopata kazi kupitia mtu, habari zililetwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja. Wafuga kuku watakuambia bei ya chakula na wapi vifaranga vinakufa, na hiyo ni faida halali ya kujuana.

Ukimaliza daftari lako, andika namba tano kwenye karatasi umpe ndugu yako, awapigie siku ambayo wewe huwezi kushika simu. Na hao watano waambie kwamba wamo.