Chuo Kinapofungwa, Stoo Ifunguliwe

Kila mwaka ifikapo Julai, vyuo vya Moshi na Arusha hufunga mwaka wa masomo kwa namna inayofanana: wanafunzi wanaoendelea wanatawanyika kwenda fildi au nyumbani, wa mwaka wa mwisho wanaaga, na nyuma ya mabweni linabaki rundo la magodoro, ndoo zisizo na mishikio, vyandarua, makaratasi na chupa. Nimeshughulika na ustawi wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Moshi kwa miaka kadhaa. Ushauri wangu kwa viongozi wa klabu za mazingira na wa serikali za wanafunzi unahusu jambo ambalo nadra kuliona katika maandiko ya miradi yao: kinachoamua hali ya mazingira chuo kinapofungwa ni chumba cha kuhifadhia vitu kati ya Julai na Oktoba, pamoja na mtu anayeshika ufunguo wa chumba hicho. Hamasa tunayo ya kutosha, na fulana zenye maandishi ya kijani tumekwisha kuzichapisha.

Mwanafunzi anayeacha godoro si mzembe. Anasafiri kwa basi kwenda Kigoma, Mtwara au Bukoba, mzigo mkubwa unalipiwa, na godoro la futi 3 kwa 6 halikunjiki likaingia kwenye begi. Kulipia geto miezi mitatu kwa ajili ya godoro na beseni ni hasara iliyo wazi. Kwa hiyo anaviacha, na mwezi Oktoba mwanafunzi mwingine anaripoti na kwenda dukani kununua vile vile. Katikati yupo mzabuni wa usafi, ambaye ana siku chache za kukabidhi mabweni yakiwa matupu, na njia iliyo rahisi kwake ni kiberiti. Sponji ya godoro ikiungua hutoa monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni, ambazo ni sumu, na moshi wake haubaki ndani ya uzio wa chuo. Kisichochomwa kinapakiwa kwenye lori kwenda kuongeza mlima wa dampo.

Watu wengi hujibu tatizo hili kwa kutangaza siku ya usafi baada ya mtihani wa mwisho. Siishauri. Mitihani haimaliziki siku moja kwa kozi zote, na mtu aliyemaliza Jumanne asubuhi huwa yuko stendi Jumanne hiyo hiyo jioni, hivyo siku ya usafi inapowadia wanakuwa wamebaki viongozi wa klabu na mpiga picha. Kinachofaa ni kuweka meza mlangoni pa bweni kila jioni, kuanzia wiki ya kwanza ya mitihani hadi bweni lifungwe. Vitu vinavyoletwa vitenganishwe hapo hapo kwa mafungu mawili: vinavyohifadhiwa kwa ajili ya mwenyewe, ambavyo vinaandikwa jina na namba ya simu kwenye daftari na juu ya kitu chenyewe, na vilivyoachwa moja kwa moja, ambavyo vinakuwa mali ya stoo. Pasi, majiko ya umeme na hita za kuchemshia maji visipokelewe bila kukaguliwa waya, kwa maana vingi vimeungwaungwa kwa selotepu.

Jambo ambalo hamtalikuta katika mwongozo wowote wa klabu ni kunguni. Kunguni anaweza kuishi miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo godoro moja lenye kunguni likiingizwa Julai katika chumba kilichofungwa, Oktoba mtagawa kunguni kwa bweni zima, na mwaka unaofuata hakuna atakayekubali godoro la stoo hata kwa bure. Kagueni kila godoro kwa tochi, mkifunua mishono na pembe za foronya, na mkitafuta vidoa vidogo vyeusi kama vya wino na maganda mepesi ya rangi ya hudhurungi. Likionekana hata doa moja la aina hiyo, likataeni bila kumwonea haya mwenye nalo. Kulianika juani hakutoshi, hasa Julai yetu hii ya Moshi ambayo jua lenyewe huchungulia saa sita na kurudi mawinguni.

Tukija kwenye miti, nina neno ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wenzangu. Vyuo vingi hupenda kupanda miti tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, kwa sababu wageni wanapatikana na mabango yako tayari. Lakini kwa huku kwetu masika huwa ni Machi hadi Mei, na baada ya hapo kunakuja baridi kavu hadi vuli. Mche uliopandwa tarehe 5 Juni unaachwa na mvua, na baada ya wiki chache unaachwa pia na wanafunzi waliokuwa wakiumwagilia. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili, na tarehe hiyo inaendana na mvua zetu. Klabu iliyochelewa Aprili ni afadhali ibaki na miche yake kitaluni chini ya kivuli, imlipe mtunza bustani mmoja wa kuimwagilia wakati wa likizo, kisha ipande Novemba wenye miti wakiwa wamerudi.

Likizo hiyo hiyo inatosha kutengeneza mboji. Biwi lililopangwa mwanzoni mwa Julai kwa tabaka za majani makavu, masalia ya jikoni yasiyo na mafuta na samadi kidogo, likanyunyiziwa maji na kupinduliwa kila baada ya wiki mbili hivi, kwa kawaida linakuwa limeiva au kukaribia kuiva Oktoba. Chakula kilichobaki kantini mara nyingi huchukuliwa na wafugaji wa nguruwe, nami sioni ubaya, ila waelezwe kwamba lazima kichemshwe, kwani homa ya nguruwe huenezwa na makombo yenye nyama.

Karatasi zinataka uangalifu zaidi kuliko uzito wake. Nimewahi kununua karanga mjini nikakuta zimefungwa kwenye ukurasa wa matokeo ya majaribio, majina na namba za usajili vikisomeka vizuri, na aliyepata 11 kati ya 40 hakuwa na habari kwamba anauzwa stendi. Chochote chenye jina na alama kichanwe vipande kabla ya kwenda kwa mnunuzi wa karatasi. Chupa na makopo hayahitaji semina, kwa kuwa wanaovikusanya na kuviuza kwa kilo wanajulikana. Waruhusiwe kupita getini kwa ratiba.

Kabla ya milango kufungwa, mtu mmoja kutoka idara ya matengenezo azungukie mabomba na friji. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku, na katika bweni lisilo na watu hakuna wa kulilalamikia. Friji tupu zizimwe, zisafishwe, na milango yake iachwe wazi kidogo zisiote ukungu.

Sasa turudi kwenye chumba. Barua ya kukiomba iende kwa mshauri wa wanafunzi mwezi Mei, kwa sababu katika vyuo vya umma mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na ombi la kufuli, rafu au posho ya mlinzi likifika baada ya hapo litaambiwa lisubiri bajeti mpya. Barua itaje mtumishi, kwa cheo chake, atakayeshika ufunguo, kwani viongozi wa klabu nao wanaondoka, na wa mwaka wa tatu hawarudi kabisa. Daftari lenye majina liwe na nakala ofisini. Oktoba, wenye mali wapewe wiki mbili za kuchukua vitu vyao, kisha vilivyobaki wapewe kwanza wanafunzi wapya ambao fedha za mkopo hazijawafikia, maana hao ndio wanaolala juu ya khanga wakati wenzao wanachagua rangi ya mapazia.